Siku Tuliyozima Moto kwa Ajili ya Kabureta

Wiki iliyopita lori la shule liliharibika mbele ya bweni letu, na dereva akamimina petroli kwenye kopo ili aoshee kitu kilichoziba. Wenzangu walikimbia wameziba pua. Mimi nilibaki pale pale karibu na kopo, mpaka dereva akaniuliza kama nimetumwa. Nikaondoka nikitazama chini kama kawaida yangu. Baadaye rafiki yangu wa kitanda cha jirani akaniuliza, hivi wewe unaipenda harufu ile? Nikasema sijui. Na kweli si kuipenda. Harufu ile ikinifikia puani, macho yangu huanza yenyewe kutafuta moto uko wapi, nani ameushika, na upepo unatoka upande gani. Nilitaka kumweleza, nikaishia kuchezea ncha ya shuka. Basi naandika, kwa kuwa kalamu hainitazami usoni.

Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mto Kagera, upande wa Kyerwa, mahali ambapo mto hupita umetulia katikati ya mafunjo, kisha mbele kidogo huingia kwenye mawe na kuanza kunguruma. Ngurumo ile ilikuwa ndani ya kila kitu chetu. Tulikula nayo, tukasali nayo. Baba hakuwa mwenyeji. Alitoka upande wa Bukoba, Mlutheri wa kuimba sauti ya nne, na kazi aliyojifunza tangu ujana ni kutengeneza cherehani. Mfanyabiashara mmoja wa huko kwao alinunua mashua ya mbao yenye mashine ya kufunga nyuma, kwa ajili ya kuvusha ngozi na kahawa, akampa Baba kazi ya kuitunza. Mashine yenyewe ilikuwa na fundi wake, kijana wa Mwanza asiyeruhusu mtu aiguse. Siku moja alimzaba kofi mpagazi aliyelisogelea tangi na sigara mdomoni. Mpagazi akauliza kosa lake ni lipi. Fundi akamwambia kwamba petroli haingoji upelekewe moto, inaufuata yenyewe. Kabla ya masika kijana yule alipata kazi kwao, akaondoka na ujuzi wake wote kichwani, Baba akabaki na mashine.

Mama alikuwa Mnyambo, mwenyeji wa pale. Dada yake mdogo aliolewa ng'ambo ya mto, na mvua zilipokaribia alikuwa karibu kujifungua, huku mumewe yuko mbali kwenye machimbo ya bati. Mama akamfunga mdogo wangu mgongoni, akavuka kwa mtumbwi, akasema atarudi mtoto akishazaliwa. Nilimpungia mkono kutoka ukingoni. Mto wakati ule ulikuwa mwembamba, hata nilimwona Mama akicheka.

Kisha masika yakaja na yakakataa kuondoka. Maji yalipanda juu ya mawe ya kufulia, yakapanda mpaka kwenye miche ya kahawa ya chini, yakawa mekundu na yenye haraka. Wapiga kasia wawili walijaribu kuvuka. Mtumbwi ulizungushwa kama jani, nao wakaokolewa na mafunjo walipokuwa karibu kabisa na mawe. Baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena, na hakuna aliyewalaumu.

Ng'ambo, nyuma ya mafunjo, kulikuwa na mwinuko mdogo wenye vibanda vichache vya nyasi. Ndiko alikokuwa Mama. Hatukuweza kumwona wala kumsikia, lakini kila asubuhi Baba alinisimamisha juu ya pipa kwa sababu macho yangu yalikuwa makali kuliko yake, akaniuliza kama naona moshi. Nikisema naona, hujibu, "Basi wameamka." Huko nako, alisema, Mama anautazama moshi wetu na kusema hivyo hivyo. Hizo ndizo zilikuwa salamu zetu. Nikawa naamini kwamba moshi wa asubuhi ni sauti ya Mama, na kwamba nikiutazama sana nitasikia anachosema.

Asubuhi moja niliupata moshi lakini si mahali pake.

"Umehama," nikasema.

Baba akaniuliza umehamia wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa ukitoka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya vibanda, mahali pa juu kabisa, na ulikuwa mwembamba kama wa mtu anayechoma nyasi mbichi. Sikujua maana yake. Nilidhani Mama amepata jiko jipya, hata nikafurahi. Baba aliniteremsha kutoka kwenye pipa taratibu sana, kama mtu anayeteremsha chungu cha maji, akaenda moja kwa moja kwenye mashua.

Alikuwa ameshaivuta kamba ya kuwashia siku zilizopita mpaka viganja vikachubuka. Mashine ilikohoa, ikatapika petroli pembeni, ikanyamaza. Siku ile hakuivuta. Aliifungua skrubu zake, akaibeba begani hadi kwenye baraza ya nyumba kwa sababu ya mvua, akailaza juu ya mkeka. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa cheupe cha meza, kile ambacho Mama hukitandika wachungaji wakija tu, akakitandaza chini na kukinyoosha pembe zote nne. Akaagiza karai. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Halafu akaenda jikoni kwa Bibi.

Bibi ni mama yake Baba, na jiko lile lilikuwa ufalme wake. Alikuwa haoni vizuri, lakini moto wake haukuwahi kuzimika tangu alipohamia kwetu. Usiku aliufunika kwa majivu, alfajiri akaufufua kwa pumzi yake. Nilimsikia Baba akimwambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kwamba moto wote uzimwe, wa jikoni na wa ndani, na asiuwashe mpaka atakapomwambia. Bibi akauliza kwa nini. Baba, ambaye kwa maneno ni kama mimi, alisema tu, "Mama, zima." Akachukua mtungi akaumwagia maji mwenyewe. Jiko likapiga mlio, moshi mweupe ukajaa, na Bibi akatoka nje machozi yakimtiririka.

Nataka mwelewe mtoto wa umri wangu aliona nini. Kwetu, nyumba yenye msiba haipiki. Jiko hupoa, na chakula hutoka kwa majirani. Kitambaa cheupe nilishakiona kikitandikwa mara moja kwa mtu aliyelala asiyeamka. Na sasa moshi wa Mama umehama, Baba amenawa kama mtu anayekwenda kuosha maiti, moto umezimwa, Bibi analia. Hakuna aliyeniambia neno. Nilikaa chini ya mgomba kwenye matone ya mvua nikajua kwamba Mama amekufa, na kwamba watu wazima wanasubiri nikue kidogo ndipo waniambie.

Sikuuliza. Mimi siulizi.

Barazani Baba alifanya kazi kama mtu anayetembea kwenye kamba. Hakuwahi kuifungua mashine ile. Kila skrubu aliyoitoa aliilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio ilivyotoka, kama alivyozoea kwa vyuma vya cherehani, ili njia ya kurudi ionekane. Alitoa kidude cha shaba cha ukubwa wa ngumi, akakiita kwa jina alilolisikia kwa yule fundi, kabureta, akakitazama muda mrefu pande zote kabla ya kukigusa na bisibisi. Alipokifungua, petroli ilimwagika kwenye karai, na harufu ikaja mpaka kwenye mgomba wangu. Ndani mlikuwa na matope laini kama uji wa ulezi. Kulikuwa na tundu jembamba ambalo mafuta hupitia, nalo limeziba. Alichukua sindano ya cherehani, akaisogeza, akasita, akairudisha. Baadaye sana aliniambia kwamba aliogopa chuma kitalipanua tundu, na tundu likipanuka basi hakuna kabureta tena. Alinituma kwa ng'ombe wa jirani nikang'oe nywele za mkia. Nikaenda nikilia, nikang'oa, nikarudi. Alipitisha unywele mmoja kwenye tundu, kwa subira, unaingia na kutoka, unaingia na kutoka, kisha akaliinua juu na kulichungulia mbinguni. Niliona uso wake ukilegea kidogo. Nikachukia. Mama amekufa na yeye anachezea unywele wa ng'ombe.

Safari ile ya kwa jirani ndiyo iliyoleta mambo. Mwenye ng'ombe ni mzee Mnyambo tuliyemwita Ta Kahigi, kama tunavyowaita wazee kwa heshima, na mkewe Ma Kahigi ndiye aliyekuwa zizini. Nilipiga magoti nikamsalimu. Akaniuliza, mbona kwenu leo hakutoki moshi tangu asubuhi? Nikafungua mdomo, yakatoka machozi badala ya maneno. Hakuuliza la pili. Aliutazama mto, akanitazama mimi, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Jua lilipoanza kuinama walikuja. Niliwasikia kabla sijawaona, maana wanawake wa kwetu huanza kulia wakiwa bado njiani, ili mfiwa ajue kwamba haji mgeni wa kawaida. Wamejifunga kiunoni majani makavu ya mgomba, alama ya msiba, wamejitwika ndizi na maharage na vibuyu. Kilio kikaufikia mto, na mto ukakivusha. Walipanda barazani moja kwa moja wakamzunguka Baba, huyu akimshika bega, yule akimshika mgongo. Nilimwona amejikunyata juu ya kitambaa chake kwa mikono miwili, akizilinda zile skrubu zisipigwe teke. Alikuwa akisema kitu lakini nani angemsikia. Mlangoni Bibi alikuwa akipapasa vichwa vya watu na kuuliza, "Mnamlilia nani? Kama ni mimi, subirini kwanza nile."

Nyuma ya wanawake alikuja Ta Kahigi. Alitembea polepole kama inavyompasa mzee, kiko mdomoni, na mkononi ameshika kigae cha chungu kilichojaa makaa mekundu. Katika msiba wanaume hukaa nje kuzunguka moto, na moto huo huletwa na jirani. Mvua ilikuwa imeacha lakini uwanja umelowa, kwa hiyo alitafuta mahali pakavu. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, chini ya paa, kando ya karai.

Nimeshajaribu mara nyingi kukumbuka niliwaza nini, na nadhani niliwaza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba kama huu ungekuwa msiba, basi Baba asingekuwa barazani na mashine, angekuwa uwanjani akingoja moto wa wazee. Na la pili ni kofi la yule mpagazi. Haingoji upelekewe moto. Upepo ulikuwa unatoka mtoni kuja kwetu, halafu ukageuka, na harufu ya karai ikaenda kwa Ta Kahigi kama mbwa anayemtambua mgeni.

Mtoto hampiti mzee mbele. Mtoto hamgusi mzee mkono. Nilikimbia nikakipiga kile kigae kwa nguvu zangu zote, kikamtoka, makaa yakamwagika kwenye dimbwi na kupiga mlio. Kisha nikamvuta kiko mdomoni nacho nikakitupa humo humo. Ta Kahigi akainua fimbo. Kilio kikakatika ghafla, maana hakuna aliyewahi kuona jambo la namna ile, na katika ukimya huo nikasikia sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Petroli," nikasema. "Pale kuna petroli."

Baba alisimama. Aliyatazama makaa dimbwini, akalitazama karai, akahesabu kwa macho nafasi iliyo katikati. Rangi ya midomo yake ilibadilika. Akamshika Ta Kahigi ile fimbo kwa upole, kama mtu anayesaidia kubeba mzigo.

"Mzee wangu, usimpige. Leo amekuachia ndevu zako."

Ndipo akawaeleza, na kwa mtu asiye na maneno yalikuwa mengi. Kwamba hakuna aliyekufa, bado. Kwamba mkewe na shemeji yake wamepanda juu ya kichuguu na maji yanawafuata. Kwamba mashine hii akiipatia, kesho atavuka, na asipoipatia hajui. Kwamba moto umezimwa kwa sababu ya mvuke wa petroli, basi. Wale wanawake walitazamana wakiwa na machozi mashavuni. Ma Kahigi akauliza sasa haya machozi ayapeleke wapi. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka, kwa kuwa kwenye kichuguu moshi ulikuwa umebaki uzi mmoja. Mimi nilikaa kitako kwenye tope. Mama yu hai. Mama yu hai na anaweza kufa kesho. Nilikuwa sijajua kwamba hofu inaweza kuwa nzito kuliko huzuni.

Hawakuondoka. Walikaa gizani bila taa wala viko, wanaume wakimshikia Baba vyuma hadi mwanga wa mwisho. Kilichobaki kibaya kilikuwa boya. Ndani ya kabureta kuna kipande cha gamba jepesi la mti kinachoelea juu ya petroli, na kikipanda huziba njia ili mafuta yasizidi. Hicho kilikuwa kimenyonya petroli mpaka kikawa kizito, hakielei, ndiyo maana mashine ilikuwa ikizama katika mafuta yake yenyewe. Mtu akashauri kikaushwe motoni, kisha akakumbuka, akajipiga kifuani. Jua hakuna. Bibi akaomba akishike. Akakipapasa, akakinusa, akasema kitumbukizwe kwenye kibuyu cha unga wa ulezi, maana ulezi wake unanyonya hata unyevu wa mawinguni. Baba hakuwa na wazo lingine. Wakakizika humo.

Asubuhi kilikuwa chepesi zaidi, lakini si chepesi vya kutosha. Baba alikijaribu ndani ya kikombe cha petroli. Kikaelea, kisha polepole sana kikaanza kuzama kama mtu anayesinzia. Akakata kipande cha boksi la sabuni kwa mkasi wa Mama kiwe badala ya karatasi iliyochanika kati ya vyuma viwili, akarudisha kila kitu kwa kufuata mstari wake kwenye kitambaa, akaifunga mashine kwenye mashua. Alipovuta kamba ilikohoa. Akavuta tena. Mara ikawaka, kwa moshi wa bluu na kelele iliyowafanya watoto wa Ta Kahigi wajifiche, na watu wote wakashika vinywa. Lakini haikukaa sana, sauti ikaanza kuwa nzito, petroli ikadondoka pembeni. Baba akafunga bomba dogo chini ya tangi. Sauti ikasafika. Ilipoanza kuwa nyembamba akalifungua. Akafanya hivyo tena na tena akiwa ameinamisha kichwa, halafu akainuka akatutazama.

Alihitaji mkono wa kukaa kwenye bomba, maana mikono yake miwili ni ya usukani na ya kasia. Ta Kahigi akasema atakwenda yeye. Baba akamshukuru, akamweleza kwamba kurudi kuna watu wanne wa kubeba, wawili wachanga, na mashua imechoka. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

Bibi akasema, "Huyo? Mtoto wa kike, mto umefura namna hii?"

"Huyu anasikiliza," Baba akasema. "Mchana kutwa hana kazi nyingine."

Nilikaa kwenye ubao wa nyuma, tangi likiwa karibu na sikio langu, kamba imenifunga kiunoni na kwenye mashua. Ukingo ukaondoka. Maji ya katikati hayakuwa kama maji, yalikuwa kama mgongo wa mnyama anayekimbia, na magogo yalitupita. Nzito, nafunga. Nyembamba, nafungua. Sikutazama kitu kingine ila kile kijibomba cha shaba. Mashua ilikuwa ikisonga mbele na wakati huo huo ikitelemka upande wa mawe, na kadiri ilivyotelemka ngurumo ya mawe ilizidi, mpaka ikawa kubwa kuliko mashine. Nikapoteza sauti. Niliinua kichwa nikamwona Baba akifungua mdomo kunisemesha, sikusikia hata neno. Nikaona povu. Nikaweka kiganja juu ya chuma cha mashine, kinaunguza, nikakiacha pale pale. Nikaisikia kwa mkono. Ikitetemeka kwa uvivu, nafunga. Ikitetemeka kama mwenye homa, nafungua. Baba aliona, akageuka mbele, hakunitazama tena mpaka tulipoingia kwenye mafunjo.

Kichuguu kilikuwa kimebaki kama kofia juu ya maji. Mama mdogo alikaa juu kabisa, amekumbatia kitoto chake ndani ya nguo. Mdogo wangu alikuwa mgongoni mwa Mama. Na Mama alikuwa amejifunga kiunoni majani makavu ya mgomba.

Sikuelewa. Nilimtazama, naye akatutazama, hakufurahi, hakuinua hata mkono. Macho yake yalipita kwa Baba, yakapita kwangu, yakatafuta ndani ya mashua kama vile kuna mtu mwingine tuliyemlaza chini. Baba hakuthubutu kuizima mashine, alijua huenda isiwake tena. Alimwashiria apande. Mama mdogo akapanda na kitoto. Mama akasimama ndani ya maji yaliyomfika kiunoni, ameshika ukingo wa mashua, hapandi. Midomo yake ilikuwa ikisema neno moja, nikalisoma.

Nani?

Nikatikisa kichwa. Hakuniamini. Midomo ikasema, Bibi? Mkono mmoja ulikuwa kwenye bomba na mwingine kwenye chuma, nikautoa ule wa kwenye chuma, nikauinua na kuupeleka kinywani, tena na tena, kama mtu anayekula. Bibi anakula, Mama. Bibi anakula. Ndipo uso wake ukavunjika, akapanda.

Kurudi sitaki kuwasimulia kwa urefu. Tulikuwa wazito na maji yalikuwa yakiingia, Mama akiyakomba kwa kibuyu. Tulifika chini sana ya kwetu, karibu na mawe kiasi kwamba tulilowa kwa manyunyu yake, na Ta Kahigi na wanaume wengine walikuwa wameshatangulia huko na kamba. Waliitupa, Baba akaidaka. Mashine ikazimika pale pale kwenye mafunjo, na ilipokwisha kuzimika nikagundua kwamba kiganja changu kimeota malengelenge.

Nyumbani Mama hakukaa mpaka alipomgusa Bibi usoni kwa mikono yote miwili. Bibi akamwambia amekonda. Kisha wote tukaingia jikoni, maana ndiko tunakokaa, na Baba akamuuliza majani yale kiunoni ni ya nini.

Mama akasema kwamba jana asubuhi aliutafuta moshi wetu hakuuona. Akasema labda kuni zimelowa. Mchana hakuuona. Jioni akasikia kilio, kinakuja juu ya maji waziwazi kabisa, kutoka nyumbani kwake.

"Sikujua ni nani," akasema. "Basi niliwalilia mmoja mmoja. Nikimaliza huyu naanza huyu, nisije nikamruka aliyekufa."

Baba alitazama mikono yake. Mama akanigeukia, akaniuliza na mimi je, nililia? Nikasema ndiyo. Akauliza nilimlilia nani. Kwa mara ya kwanza nilijibu swali la mtu mzima bila kutazama chini.

"Wewe."

Akafungua yale majani kiunoni, yakaanguka chini yakiwa yamelowa.

"Basi tumeshaliliana," akasema. "Yamekwisha. Koku, nenda kwa Ta Kahigi ukaombe moto."

Nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni Baba aliponishika bega.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikaitoe petroli."

Akatoka, akalichukua karai lililobaki barazani, akalibeba kwa uangalifu mpaka ng'ambo ya migomba, mbali. Nasi tukamngoja, watu wazima na watoto, wengine bado wanatiririka maji, tumelizunguka lile jiko la baridi na kulinyooshea viganja kama vile linawaka.